KULA USIKU NA UZITO WA MWILI: DINI YASEMAJE, NA ELIMU YASEMAJE?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku kuwa utulivu na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Limezuka katika baraza zetu jambo ambalo watu hulijadili kwa maneno mengi na elimu chache. Wako wasemao kuwa chakula cha usiku ndicho kinenepeshacho, na kwamba mwenye kutaka kupunguza uzito asitie kitu kinywani jua likisha kuchwa. Wengine wamevuka hapo wakasema hatta daku iachwe, kwani nayo ni chakula cha usiku. Na wengine wamesimama upande wa pili, wakidai kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kulala na njaa, na kwamba mwenye kuacha chakula cha usiku huzeeka upesi. Hawa ushahidi wao wautoa katika simu zao, na wale wautoa kwa mabibi zao. Na baina ya simu na mabibi, Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Suna ya Mtume wake havikuulizwa, wala waganga wenye elimu yao hawakuulizwa.

Kwa hivyo tumeona yatupasa kulieleza jambo hili kwa kadiri ya uwezo wetu, ili mwenye kushika jambo alishike kwa ujuzi, na mwenye kuacha aache kwa ujuzi.

KULA USIKU SI HARAMU

La kwanza la kulijua ni kuwa asili ya chakula kizuri ni halali, usiku na mchana, wala hapana mwenye haki ya kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Na katika jambo hili khasa tunacho kisa kilicho wazi. Imepokewa katika Sahih Bukhari, kwa Baraa bin Azib (R.A.), kwamba mwanzo wa saumu, mtu akipitiwa na usingizi kabla ya kufuturu alikuwa hali tena usiku huo wala mchana wake, mpaka jua lichwe siku ya pili. Qays bin Sirma, mtu wa Ansari, alirudi nyumbani jioni naye amefanya kazi mchana kutwa. Akamuuliza mkewe kama kuna chakula. Mkewe akasema hakuna, lakini atakwenda kumtafutia. Aliporudi alimkuta mumewe amekwisha lala. Basi akaamka na saumu juu ya saumu, na mchana ulipofika kati, akazimia. Khabari hiyo ikamfikia Mtume (S.A.W.), na ikateremka aya ya 187 ya Suratul Baqara, iliyoruhusu kula na kunywa usiku mpaka weupe wa alfajiri upambanuke na weusi wa usiku. Sahaba wakafurahi furaha kubwa.

Basi ruhusa hii ni rehema iliyoteremka kwa ajili ya mtu mchovu aliyelala na njaa. Anayesema leo kuwa chakula cha usiku ni sumu, au kuwa daku ni jambo la kuachwa, yampasa akumbuke kisa hiki kabla ya kunena.

Lakini halali si sawa na lisilokuwa na mpaka. Mwenyezi Mungu huyo huyo aliyeruhusu ametuamrisha katika Suratul Aaraf, aya ya 31, kula na kunywa pasi na kufanya israfu, akatujulisha kuwa hawapendi wenye israfu. Na Mtume (S.A.W.) alipomwona Abdullah bin Amr (R.A.) akijikalifisha kwa kufunga kila siku na kusimama kila usiku, alimfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki ya kutodhulumiwa kwa ibada, itakuwaje kuudhulumu kwa shibe? Kwa hivyo suala letu si kuwa kula usiku ni halali au haramu. Suala letu ni: kiasi gani, wakati gani, na kuna athari gani juu ya amana hii tuliyopewa?

HADITHI ZISIZOSIMAMA

Kabla ya kuingia katika maneno ya waganga, yatupasa kusafisha nyumba yetu wenyewe. Ziko khabari tatu zinazozunguka midomoni mwa watu katika jambo hili, nazo zote hazisimami.

Ya kwanza ni ile isemayo kuwa watu wale chakula cha usiku japo konzi ya tende mbovu, kwani kukiacha kwazeesha. Khabari hii imo katika kitabu cha Tirmidhi. Lakini Tirmidhi mwenyewe, baada ya kuipokea, amesema kuwa ni munkar, yaani yenye kukataliwa. Watu wameichukua khabari wakaiacha hukumu yake, kama mtu aliyenunua dawa akaitupa karatasi iliyoandikwa ya kuwa ni sumu.

Ya pili ni ile iamrishayo kuyeyusha chakula kwa dhikri na sala, na kwamba kulala juu yake kwatia moyo ugumu. Hii Ibnul Jauzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Maana yake yaweza kumpendeza mtu, lakini kupendeza kwa maana si ruhusa ya kumzulia Mtume (S.A.W.) neno.

Ya tatu ni neno mashuhuri la kuwa tumbo ni nyumba ya maradhi na kujizuia na chakula ndiyo kichwa cha dawa. Hili si neno la Mtume. Wanavyuoni wameeleza kuwa lanasibishwa kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu. Ni neno zuri la tabibu, na lisemwe kuwa ni la tabibu.

Badala ya hayo, tunayo yaliyo thabiti, nayo yatutosha. Amepokea Tirmidhi na Ibn Majah, kwa Miqdam bin Maadikarib (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa hapana chombo kiovu zaidi mwanadamu anachokijaza kuliko tumbo lake, yamtosha matonge machache ya kumsimamisha mgongo, na akiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Na katika Bukhari na Muslim, kwa Anas (R.A.), yamo mafundisho kuwa chakula cha jioni kikisha kuletwa, mtu aanze nacho kabla ya kusali magharibi. Wanavyuoni wameitoa hukumu ya sala katika hadithi hii; nasi twaiona na faida nyingine: chakula cha jioni cha watu wa Madina kilikuwa kikifika wakati wa magharibi, si saa tano za usiku. Na imethibiti kwa Abu Barza (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya isha na kuzungumza baada yake, isipokuwa kwa haja ya kheri, kama elimu, au mgeni, au watu wa nyumbani. Basi mwenye kula jioni, akasali isha, akalala, akaamka kabla ya alfajiri, ameishika Suna. Hatusemi kuwa Suna hii imewekwa kwa ajili ya kupunguza uzito; twasema kuwa mwenye kuishika hapotezi.

WASEMAVYO WENYE ELIMU YA MWILI

Sasa tuje katika suala lenyewe: chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, kikiliwa usiku hunenepesha kuliko kikiliwa mapema?

Mwenyezi Mungu ameutia mwili wa mwanadamu mpango wa nyakati. Ubongo huongozwa na nuru ya mchana na giza la usiku, na kila kiungo kina saa zake za kazi na saa zake za kupumzika. Mwaka 1017 Hijria Waislamu walikuwa wakihesabu nyakati za sala kwa vivuli na nyota. Na mwaka 2017 wa Miladi wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kubainisha namna saa hiyo ya mwili ifanyavyo kazi ndani ya chembe hai. Katika yaliyojulikana ni kuwa jioni na usiku mwili huwa mzito zaidi katika kuiondoa sukari kwenye damu kuliko asubuhi. Wali ule ule huipandisha sukari ya damu zaidi ukiliwa usiku. Hili halina khilafu kubwa, nalo lamhusu khasa mwenye maradhi ya sukari.

Ama uzito, hapo pana khilafu, na haki ni kuzitaja pande zote mbili.

Upande mmoja: mwaka 2013 zilitolewa khabari za watu 420 huko Hispania waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito kwa wiki 20. Waliokuwa wakila chakula chao kikubwa, nacho ni cha mchana, baada ya saa tisa, walipungua kidogo kuliko waliokula mapema, ijapokuwa kiasi cha chakula chao kilikaribiana. Mwaka huo huo zilitolewa khabari za wanawake 93 wanene waliopewa wote kalori 1,400 kwa siku kwa wiki 12: kundi moja likala kalori 700 asubuhi na 200 usiku, na jingine likageuza. Wa asubuhi walipungua kilo 8.7, na wa usiku kilo 3.6. Na mwaka 2022 huko Boston walichukuliwa watu 16 wenye unene, wakalishwa chakula kile kile kwa nyakati mbili, mara mapema na mara baada ya kukichelewesha kwa kadiri ya saa nne. Walipocheleweshewa, njaa yao ilizidi, homoni ya shibe ikapungua, na mwili ukatumia pungufu ya kalori 60 hivi kwa siku.

Upande wa pili: mwaka huo wa 2022, huko Aberdeen katika Uskochi, watu 30 walikula kwa wiki nne chakula kingi asubuhi na kichache jioni, na kwa wiki nne nyingine kinyume chake, kwa kiasi kile kile. Walipungua sawa sawa, kiasi cha kilo tatu na kitu kila mara. Tofauti ilikuwa katika njaa: waliposhiba asubuhi, njaa ya mchana kutwa ilikuwa chache. Na mwaka huo huo, mjini Guangzhou katika Uchina, watu 139 wenye unene walipunguziwa chakula kwa muda wa mwaka mzima. Kundi moja likafungiwa kula baina ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, na jingine likaachwa lile saa litakazo. Wote walipungua, na tofauti baina yao haikuwa kubwa ya kutegemewa.

Mwenye kuyaweka maneno haya pamoja kwa insafu ataona kuwa hayapingani kama yanavyodhaniwa. Jambo kubwa ni kiasi. Saa ni jambo dogo lililo nyuma yake. Lakini saa husukuma kiasi: mwenye kukosa kula mchana, au mwenye kukesha, njaa yake ya usiku humfanya ale zaidi, na ale vile vitamu na vya kukaangwa ambavyo asubuhi asingevitamani.

Tutoe hesabu ndogo, kila mtu aielewe. Zile kalori 60 za Boston ni sawa na vijiko vinne vidogo vya sukari. Hiyo ndiyo hasara ya saa peke yake. Sasa mtazame mtu aketiye barazani baada ya isha, akanywa vikombe vitatu vya chai, kila kikombe na vijiko vitatu: hivyo ni vijiko tisa, karibu kalori 144, kabla ya kutia sambusa moja kinywani. Na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ambacho kaimati na bhajia hukinywa bila ya sisi kukiona, kina kalori 120 hivi. Ratili mbili za mafuta ya mwili, yaani karibu kilo moja, hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Basi ziada ya kalori 260 kila usiku, kwa mwezi mmoja, ni kama kilo moja ya mafuta. Huyu akisema kuwa kilichomnenepesha ni saa, ameidhulumu saa.

KUHUSU FUTARI NA DAKU ZETU

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa uwazi, kwani Ramadhani ndiyo mwezi ambao mambo haya hudhihiri.

Sisi watu wa pwani tu karibu na mstari wa Ikweta. Saumu yetu haizidi sana saa kumi na tatu na nusu, wala haipungui sana, mwaka nenda mwaka rudi. Hatuna mchana wa saa kumi na nane kama ndugu zetu walio Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi chao. Usiku wetu una muda wa kutosha wa kula, kusali na kulala. Basi tunaupitisha vipi?

Jua likichwa, hukaliwa juu ya sinia: uji, kaimati, viazi karai, bhajia, sambusa, mkate wa sinia, muhogo wa nazi, ndizi za nazi na sharubati. Baada ya tarawehe hutoka kahawa na halua, na mishkaki ya njiani. Ikifika saa tano huletwa wali na mchuzi, nao huitwa daku. Kisha mtu hulala na tumbo lililojaa, na wengi alfajiri huwapita. Hivyo ni vyakula vitatu katika muda wa saa tano, navyo vimefuatana na usingizi. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijria, aliwahi kuuliza katika Ihya kuna faida gani ya saumu kwa mtu ambaye akifuturu hulipiza yote yaliyompita mchana, na pengine akazidisha. Imepita miaka zaidi ya mia tisa, na suala hilo bado latungoja jibu.

Na tazameni namna ada ilivyoipindua Suna. Mtume (S.A.W.) amehimiza kuharakisha kufuturu na akajulisha kuwa katika daku mna baraka. Amepokea Anas, kwa Zayd bin Thabit (R.A.), kuwa walikula daku pamoja na Mtume, na baina ya daku hiyo na sala ya alfajiri ulikuwa muda wa kusoma aya hamsini. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema wakati wa daku huingia kwa kupita nusu ya usiku. Hapa kwetu nusu hiyo, kuanzia magharibi mpaka alfajiri, huwa kiasi cha saa sita kasorobo. Basi wali wa saa tano hauna jina la daku katika sharia. Ni chakula cha pili cha usiku kilichoazima jina la daku. Mwenye kuula akalala mpaka asubuhi ameikosa baraka ya daku, na ameupata uzito wa kulala na shibe: kiungulia, usingizi mbaya, na sukari iliyopanda katika damu.

Pengine mtu atasema: nanyi mwatuamrisha kula saa kumi za usiku, nazo pia ni usiku! Jawabu ni kuwa daku ya Suna ni chache, nayo haifuatwi na usingizi bali na sala, na baada yake kuna mchana mzima wa kukitumia chakula hicho. Ama mwenye kula daku kubwa saa kumi kisha akasali mbio akarudi kitandani mpaka saa nne za mchana, huyo ameihamisha saa tu. Tabia yake ameiacha pale pale.

Tena tusijidanganye kuwa Ramadhani ni dawa ya unene. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zaonyesha kuwa kwa kadiri wafungao hupungua kiasi cha kilo moja hivi, na kwamba uzito huo hurudi katika wiki chache baada ya Idi. Na ile khabari mashuhuri isemayo fungeni mtapata siha, wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake. Saumu ni ibada. Nia yake ni radhi za Mwenyezi Mungu. Mwenye kufunga ili suruali imkae vizuri amepata ujira wake hapa hapa duniani, na hatta huo haukai.

MWANAMKE NA JIKO

Liko jambo ambalo wanaume hawalisemi. Israfu hii ya usiku ina mikono inayoipika. Mama wa nyumba huingia jikoni tangu alasiri naye amefunga, akasimama juu ya moto mpaka adhana. Wenzake wakifuturu yeye bado akaanga. Baada ya isha aosha vyombo, kisha aanza kupika hiyo iitwayo daku. Chakula chake yeye huwa ni kuonja huku na mabaki huku, saa ambazo mwili umechoka kabisa. Akisha kunenepa, mumewe huyo huyo aliyedai vyakula saba sahanini humcheka.

Kucheka huku kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 11, inayowazuia wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake. Mtu mnene si mtu mwenye aibu. Unene una sababu nyingi, nyingine za uzazi, nyingine za dawa, nyingine za nasaba. Lakini pia tuiache ile ada yetu ya kuhesabu unene wa mke kuwa ni hati ya wema wa mumewe. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nyuma ya hesabu hiyo kuna magoti yasiyoweza kurukuu, presha, na maradhi ya sukari yanayomkata mtu mguu. Mume mwema hapimwi kwa kilo za mkewe. Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Bi Aisha (R.A.), alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao mpaka wakati wa sala. Mwanamume atakaye daku ya Suna na aamke yeye aipashe moto.

WENYE UDHURU

Wako ndugu zetu wafanyao kazi usiku: wa bandarini, walinzi, manesi, madereva, wavuvi. Hawa hatuwaambii wasile usiku. Usiku wao ndio mchana wao, nao wako katika kutafuta halali. Ushauri wa waganga kwao ni kuwa wale chakula chao kikubwa kabla ya kuingia kazini, wakiwa usiku watosheke na kitu chepesi kuliko kushiba saa nane za usiku, na wakirudi wasile na kulala papo hapo.

Na wako wagonjwa. Mwenye maradhi ya sukari, khasa atumiaye insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, asiamue kwa maneno ya barazani wala kwa maandishi yetu haya kuacha chakula cha usiku, wala kuacha daku. Sukari kushuka ghafla usiku ni khatari ya kufa. Na amwendee daktari kabla ya Ramadhani, na akiambiwa asifunge, aikubali rukhsa ya Mola wake iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kuikataa rukhsa huku mtu akiangamia si uchaji Mungu.

LA KUFANYA

Kwa ufupi, twawausia ndugu zetu na nafsi zetu haya:

Kwanza, chakula cha jioni kiliwe mapema, karibu na magharibi, au mara baada ya isha kwa aliyechelewa. Na baina yake na kulala zipite saa mbili au tatu.

Pili, asiyefunga asiache kula asubuhi akajilipiza usiku. Njaa iliyokusanywa mchana hulipwa na riba usiku.

Tatu, katika Ramadhani, tufuturu kwa tende na maji kama alivyofanya Mtume (S.A.W.), tusali magharibi, kisha tule mlo mmoja wa kiasi. Kitakachoongezwa baada ya tarawehe kiwe matunda au maji.

Nne, daku iliwe mwisho wa usiku, iwe chache yenye kukaa tumboni: maharagwe, mayai, mkate wa ngano kamili, maziwa, tende. Asiache mtu daku kwa hofu ya kunenepa.

Tano, sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, na vya kukaangwa viwe vya siku moja moja, visiwe vya kila usiku.

Sita, gharama ya sinia la pili ipelekwe kwa jirani ambaye sinia lake la kwanza halikujaa. Katika kila mtaa wetu yuko anayefuturu kwa maji na andazi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israi, aya ya 27, amewataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Na ni ubadhirifu gani ulio mkubwa kuliko mtu kutupa wali jaani alfajiri, na ukuta wa pili kuna watoto waliolala na njaa?

Ndugu zetu, uzito wa mwili utapimwa kwenye mizani ya hospitali, na amali zitapimwa kwenye mizani nyingine. Mtu aweza kuwa mwembamba naye ni mla riba, na aweza kuwa mnene naye ni walii. Lakini mwenye kulijaza tumbo lake kila usiku mpaka likamzuia kusimama alfajiri, huyo mizani zote mbili zitamshuhudia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kula kwa kiasi, kulala kwa afya na kuamka kwa ajili yake. Awaponye wagonjwa wetu, awashibishe wenye njaa wetu, na atufikishe Ramadhani nasi tu wazima wa mwili na wa dini. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.